Mabua Matano ya Melkiori

MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe 20/5/2024, saa 4:10 asubuhi
Jina: Theresia Alute. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima. Makazi: Ihanja.

Mnamo tarehe 9/12/2023 mume wangu Melkiori alifariki. Alikuwa na mbegu yake ya mahindi ambayo dumuzi wa ghalani na viwavijeshi wa shambani hawaili. Aliichagua miaka kumi na tisa, bua kwa bua, akiitundika juu ya jiko penye moshi. Siku ya pili ya msiba, kina mama wapishi walikuta mahindi ya gunia yametobolewa. Wakaangua yale ya mbegu juu ya jiko, wakayapika yote kande. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka. Nilikula pia.

Tarehe 6/1/2024 niliona mahindi matano yameota kando ya kaburi, kwa mstari. Nguo alizozikwa nazo nilizikung'uta mwenyewe; mifuko ilikuwa mitupu. Nilipima nafasi kwa mguu: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Melkiori alikuwa akichechemea, na mashimo yake ya kupandia yalikuwa hivyo. Nilizoea kumtania kwamba hata shamba lake linachechemea.

Februari viwavijeshi walimaliza mashamba yetu. Yale matano hawakuyagusa. Jirani yangu Dorika alisema, "Mama Pendo, hata wadudu wanamwogopa mzee." Tulicheka kidogo. Baadaye watu waliacha kupita njia ya kaburini.

Tarehe 18/5/2024, saa 12:30 asubuhi, nilimkuta shemeji yangu Mughwai kaburini na panga. Mabua yalikuwa chini, yeye anatafuta kiberiti ayachome. Nikasema, "Shemeji, hiyo ndiyo mbegu iliyobaki." Akasema, "Mbegu ya nani? Nani alipanda?" Niliyakumbatia mabua mpaka Dorika akamleta mwenyekiti wa kitongoji.

Sitaki Mughwai afungwe. Anaogopa, na mimi naogopa. Naomba mahindi yale matano mliyochukua nirudishiwe kabla ya mvua za Novemba. Kwa sasa yatundikeni penye moshi.

Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.
Sahihi: Theresia Alute

Maelezo nimeyaandika mimi, Koplo Naftali. Kielelezo: mahindi matano, hayana tundu. Saa 9:00 alasiri nilifika kaburini. Visiki vitano vipo, nafasi ni kama alivyoeleza. Baada ya kisiki cha tano, kwa nafasi ndefu, kuna shimo la sita lililofukiwa, udongo mbichi. Mtuhumiwa Mughwai yuko mahabusu tangu tarehe 18. Shahidi nilikuwa naye tangu asubuhi, nikaja naye. Sikulifukua.