Doa la Manjano Kwenye Kalamu ya Baba

Mjukuu wangu Saumu,

Salamu nyingi kutoka Msambweni. Sote wazima. Mamako, mwanangu niliyemsomesha mwenyewe, sasa ni mwalimu mkuu; hata muuza samaki nimemweleza.

Umeuliza thamani ya kalamu ya wino ya marehemu baba yangu. Fundi huko Nairobi amesema nibu ni ya dhahabu, ila doa la manjano linashusha bei, na anataka kulisugua.

Doa hilo ni langu. Nilipokuwa mdogo, mama alishikwa na homa, baba akawa anamwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe, anywe. Aliandika kwa kijiti. Mimi nikaona dhahabu itaipa dawa nguvu. Nikaijaza kalamu zafarani, nikaandika Bismillahi kwenye sahani ileile, neno pekee nililojua kuandika, kisha kalamu ikaziba.

Baba alicheka. "Wee Mwanasha, umeinywesha kalamu dawa ya mamako!"

Lakini mama alilinywa neno langu, na asubuhi akaomba uji.

Ukitaka kuiuza, iuze, radhi yangu unayo. Ila fundi asilisugue hilo doa. Mimi ndiye niliyemponya mama, na ushahidi wangu ni huo tu.

Bibi yako akupendaye,
Mwanasha