Mkono Mwingine Kwenye Kalenda

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi wazima. Binti yangu kikohozi kimemwacha, sasa amebaki na kelele tu.

Tovuti uliyonitengenezea imefunguka. Mama Vifungo, fundi ninayeshona naye, anaitembeza kwenye simu mtaa mzima kama mtu aliyepata mjukuu. Tayari wamekuja maharusi wasionijua kabisa. Wanasema wameona magauni yangu kwenye intaneti. Na hizi barua pepe za duka nazijibu kama katibu wa waziri!

Ila ile picha yangu pale juu. Nimekubali kwa sababu ulisema duka lisilo na sura haliaminiki. Lakini unajua nilivyomkimbia mume wangu, nikahamia mji huu bila kumuaga mtu. Mpaka leo mlango ukigongwa nachungulia dirishani kwanza.

Dada yako

5 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna masikio.

Acha wasiwasi. Yule bwana hata simu yake alikuwa akiwashiwa na wewe. Nimekuongezea kalenda ya pamoja: mteja akijiandikisha kwenye tovuti, wewe, mimi na Mama Vifungo sote tunaona siku ya kupimwa. Mafaili ya vipimo nayo yako humo. Chagua nenosiri gumu, tafadhali.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Salama? Sisi tuko hivyo hivyo.

Kuna mambo siyaelewi. Nikifungua barua za duka asubuhi, nakuta zimeshasomwa. Mama Vifungo anaapa si yeye. Jana bibi harusi mmoja alinijia juu, eti nimemwandikia kuwa nimefunga duka. Mimi! Nikatafuta barua hiyo, nikaikuta kweli, imetoka kwangu, ina jina la duka chini.

Leo kwenye kalenda pameongezeka mteja. Anataka nikampime nyumbani, nje ya mji kwenye zile nyumba mpya, na ameandika: njoo peke yako, bibi harusi ana haya.

Nenosiri ni tarehe ya kuzaliwa binti yangu, nisije nikalisahau. Labda ndiyo shida?

Dada yako

20 Machi, asubuhi

Dada,

Samahani, leo salamu baadaye. Barua hii naituma kwa anwani ya Mama Vifungo, kwa sababu anwani ya duka inasomwa na mtu mwingine.

Nimeangalia nani anaingia. Kuna simu moja siijui. Mwanzoni ilikuwa inaingilia kutoka mji uliokimbia. Tangu juzi inaingilia kutoka mji wako. Yule bibi harusi mwenye haya ameandikwa kwa simu hiyo hiyo. Dada, hayupo bibi harusi. Na ile tarehe, zaidi yetu, anayeijua ni baba wa mtoto.

Nimebadilisha nenosiri na kuifungia nje simu hiyo. Iliyobaki wazi ni kompyuta ya dukani peke yake. Usiende kupima mtu. Nijibu kwa simu ya Mama Vifungo.

Mdogo wako

20 Machi, mchana

Shemeji,

Salamu nyingi. Habari za siku nyingi? Mimi mzima, nashukuru.

Usishtuke kuona anwani ya duka. Nimekuta mlango umerudishiwa tu, nikaingia, nikakaa. Duka zuri. Vitambaa vimepangwa, kiti chake kina mto. Nenosiri jipya sikulihitaji, kompyuta ilikuwa inawaka.

Umefanya kazi kubwa, shemeji. Bila wewe ningetafuta mpaka nizeeke. Kikombe chake cha chai bado kina joto, kwa hiyo hayuko mbali. Namsubiri. Akifika, tutakwenda wote kumchukua mtoto.

Shemeji yako

20 Machi, mchana

Mama Vifungo, shikamoo. Yuko ndani ya duka sasa hivi. Msirudi. Mwambie dada. Nimepiga simu zenu zote mbili. Tafadhali nijibuni.

21 Machi

Mama Vifungo, naomba neno moja tu.

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Tuko hai, mimi na binti yangu.

Siku ile tulikuwa ng'ambo ya barabara tunanunua nyuzi. Mama Vifungo akanisomea barua yako ya asubuhi pale pale kaunta. Nikainua macho. Nikamwona kupitia kioo cha duka langu, amekaa kwenye kiti changu, anaandika kwa vidole viwili, taratibu. Alipomaliza akatabasamu. Sikujua anamwandikia nani.

Mama Vifungo akanishika mkono: "Mtoto kwanza. Twende." Tukapitia mlango wa nyuma wa duka la nyuzi mpaka shuleni, binti yangu akatoka darasani na sare yake, mimi na yeye tukapanda basi la kwanza tuliloliona. Simu yangu niliitupa. Mama Vifungo alibaki akaenda polisi; nilimsihi asimjibu mtu, hata wewe, kwa kuogopa huenda barua zake nazo zinasomwa. Walipofika dukani hawakumkuta. Walikuta gauni la mteja limekatwa katikati kwa mkasi wangu.

Tovuti ifute, anza na picha. Usijilaumu. Ulitaka watu wanione, na mimi nilifurahi kuonekana.

Usijibu hapa, nikishatuma naifunga anwani hii mpya. Nikipata simu ya mtu nitakupigia. Ukipokea ukasikia kimya, usikate. Sema neno, nisikie kwanza kama ni wewe.

Dada yako