Bomba Moja la Sindano

Bweni la Watafiti, chumba cha 9
14 Juni

Mpendwa kaka,

Hujambo? Mgongo umekuachia? Na wifi yangu, na lile bonge lenu, limeshaanza kutambaa? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu.

Ulinicheka kwamba nimesoma miaka yote nikaishia kuchunga kamba wa baharini. Cheka tu. Kamba hawa hubadili rangi kwa homoni inayokaa kwenye vikonyo vya macho yao. Ukivikata, wanakuwa weusi. Ukiwadunga maji ya vikonyo vilivyosagwa, wanapauka ndani ya nusu saa. Kundi la pili tunalidunga maji ya chumvi matupu, na hilo linatakiwa kubaki jeusi vilevile.

Wiki iliyopita kundi la maji ya chumvi nalo likapauka. Profesa aliwaka. Akasema mkataji wetu, Mzee Mikasi, ameacha mashina ya vikonyo na homoni inaendelea kuvuja. Eti macho yamechoka, kazi imemshinda. Nilikuwepo. Nilihisi kitu, nikajikausha.

Maana makundi yote mawili niliyadunga kwa bomba moja la sindano. Nililisuuza mara tatu, nikaona inatosha. Leo alfajiri nimerudia peke yangu, wote kwa maji ya chumvi matupu. Wa bomba jipya wamebaki weusi. Wa bomba lililosuuzwa wamepauka huku nawatazama. Masalio ya homoni yasiyoonekana hata kwa jicho!

Saa nne Profesa anampa mzee barua ya kumwachisha kazi. Sasa ni saa nne kasorobo, nami nakuandikia kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nikisema, huenda miaka yangu miwili ya utafiti ikafutwa. Naogopa, kaka, sikufichi.

Mzee amefika sasa hivi, vifaa vyake amevifunga kwenye kitambaa. Amekaa kando yangu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Nimeinamia karatasi hii kama mwizi.

Nisalimie wifi, mbusu mtoto, na shangazi mwambie dawa asiache. Mungu awafunike nyote.

Mlango umefunguliwa, Profesa amemwita mzee. Nimemshika bega abaki kwenye benchi. Nimesimama mimi.

Ndimi nikupendaye,
Kitindamimba