Watu Wasiokanyaga Chini

Mwanahawa binti yangu,

Acha ujinga. Hirizi uliyomtumia mwanao Rajabu imefika, na kwa kuwa ndani yake mna maneno ya Mungu sikuitupa, nimeitundika juu ya mlango. Lakini lile shauri lako la kwamba asimwambie daktari anachokiona, hilo nimelitupa.

Salamu sasa. Mimi mzima, nyayo tu zinawaka moto. Na nyinyi huko? Kifua cha mumeo kimetulia? Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usimpe mtu akusomee. Kisomo cha watu wazima nawe ulikwenda. Soma polepole.

Ilivyokuwa ni hivi. Rajabu alikuwa akitoa lori la shirika hapo Gerezani, mchana kweupe, mara akasimama katikati ya barabara. Mwenzake aliyekaa naye mbele akamwuliza, "Dereva, unangoja nini?" Akajibu, "Si nawangoja akina mama wavuke." Barabara tupu. Yule akamcheka, "Leo Rajabu unavusha wanawake wa kijini." Kwa aibu akaondoa gari kwa nguvu, na mtu wa mkokoteni aliyekuwa ubavuni kwake hakumwona. Amemvunja mguu. Trafiki wakachukua leseni, wakasema hairudi mpaka daktari wa macho aandike kwamba anafaa.

Sasa sikia kosa langu, maana silifichi. Madereva wenzake walimletea zile herufi za ukutani kwa daktari, wamezinakili kwenye karatasi ya sukari. Wenye macho mabovu wote wanazijua. Nami na cheti changu cha kisomo nikajiona mwalimu. Siku nne nimekaa naye uani namwimbisha mstari kwa mstari, kama tunavyoimbishwa darasani, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akawa anazitaja huku akipepeta mchele.

Tukaingia kwa daktari sote wawili. Kijana mpole. Akamfunika Rajabu jicho moja, akasema, "Haya ndugu, soma." Rajabu akasoma, sauti safi, nami nimejaa fahari. Alipofika mstari wa tatu daktari akaenda ukutani taratibu, akaibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwapani. Rajabu anasoma tu. Mwanahawa, mwanao alisoma ukuta mtupu mpaka mstari wa mwisho, kisha akatabasamu, akangoja asifiwe.

Hakuna aliyecheka. Daktari akamwuliza, "Ndugu, kuna vitu unaviona na wenzako hawavioni?" Hapo ndipo wewe ulitaka akane. Rajabu akageukia upande wangu, akasema, "Wapo akina mama. Wamevaa vizuri. Hawasemi. Hawakanyagi chini."

Daktari akasema si jini. Macho yake yanakufa, na jicho likianza kufa kichwa hujichorea chenyewe, kila mtu vyake. Akasema ugonjwa huo hutembea katika damu. "Bibi, kwenu yuko mwingine?" Nikamwambia hakuna.

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika Mchafukoge nikamwuliza mjukuu wangu, "Yule anayetangulia, amebeba nini kichwani?"

Akasimama. "Kikapu, Bibi. Msuko wake unaweza kuuhesabu."

Mimi huyo ninamwona mwaka wa tatu sasa. Nilinyamaza nisije nikaitwa kizee kilichochanganyikiwa. Daktari alisema kila mtu vyake, basi anieleze kikapu kimoja kinaonwaje na watu wawili. Hata sasa ninavyoandika akina mama hao wako hapa, kati ya mtungi na mlango, chini ya hirizi yako, wala hawana habari nayo.

Kesho yake nilirudi nikamwambia daktari kweli. Akanipima, akakuta ugonjwa ule ule. Damu ni yetu, Mwanahawa, na imepita kwako.

Leseni hairudi. Shirika limemweka Rajabu ghalani, anapanga magunia. Akikaa kwenye kigoda, mguu wake wa kulia unakanyaga breki, unakanyaga, mpaka nimshike goti. Nimemwambia heri mguu wako uchoke hapa kuliko mguu wa mtu kuvunjika barabarani.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako mfinyanzi, na mwalimu wenu wa kisomo. Mwambie mwandiko wangu sasa unaushinda wake.

Katika salamu nimemwacha Shomari, mdogo wake Rajabu, makusudi. Yeye ndiye anayeendesha trekta la kijiji, na watoto wanalikimbilia likiwa shambani. Barua hii usiikunje. Inuka, nenda huko linakolima. Mwambie azime injini, ashuke, umwulize kuna nani mbele yake. Akichelewa kujibu, usingoje jibu. Chukua ufunguo.

Mimi mama yako,
Bi Tausi