Ukuta wa Jipsamu na Risasi za Kusagika

Quakers Hill, Sydney
Jumapili, 14 Juni

Mume wangu, Baba Imani,

Baridi imeingia. Bado nachemsha chai ya watu wawili, halafu yako naimwaga.

Nakuandikia kuhusu bastola yako. Unakumbuka wezi walipoingia humu tukiwa kazini, nikakuomba uitoe kwenye sefu uiweke karibu na kitanda? Ulikuwa nayo kwa ajili ya klabu ya shabaha tu, na sheria ya hapa hairuhusu zaidi ya hapo. Mdogo wako Karanja akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Nakuru: "Shem, mwambie bro anunue risasi za kusagika. Zikigonga ukuta zinakuwa unga. Mwizi anaumia, walio chumba cha pili wako salama." Nikalishika neno hilo kama dawa.

Hukubishana nami. Jumamosi ulinipeleka klabu, ukaomba ruhusa kwa msimamizi. Kwanza ulipiga bamba la chuma kwa risasi hizo. Risasi ikawa vumbi kweli, nikakucheka: "Si unaona?" Ndipo ukasimamisha vipande viwili vya jipsamu, zile mbao nyepesi za chokaa, kama ukuta wetu, na nyuma yake dumu la maji. Risasi ya aina ileile ilipenya vyote viwili kama sindano kwenye kitambaa. Maji yakamwagika.

"Karanja anaishi nyumba ya mawe," ukasema. "Sisi tunaishi kwenye boksi. Hilo dumu ni Imani, amelala."

Sikukuomba tena uitoe kwenye sefu. Njiani ulininunulia chipsi, ukasema wewe huna njaa, kisha ukala nusu yake, kawaida yako.

Sasa ni miezi minane tangu tukuzike. Imani amehamia Melbourne kusoma. Nikimpigia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi nyingi. Polisi waliniandikia: mwenye leseni akifariki, silaha isalimishwe. Karanja akapiga simu.

"Shem, usijifanye mwema. Uko peke yako huko. Waambie hujui iliko."

Nilijaribiwa, Baba Imani. Hoja yako yote ilikuwa yule mtoto, na kitanda chake ni kitupu. Nilisimama chumbani mwake, nikaweka kiganja ukutani, nikajiambia: nyuma ya ukuta huu hakuna tena wa kuumia. Wazo hilo likanitisha kuliko mwizi. Niliona nimeanza kuufanya upweke wangu ruhusa ya kufyatua.

Juzi nikawaita polisi. Walikuja wawili, wakaichukua pamoja na boksi la risasi. Yule askari wa kike aliniuliza kama kuna mtu wa kukaa nami siku hiyo. Nikasema yupo. Walipoondoka niliwasha televisheni, nyumba ipate sauti.

Woga haujaisha. Mlango naukagua mara mbili, mara tatu. Lakini sijutii.

Sina jingine la kukuomba. Huko uliko, unikumbuke.

Mkeo,
Mama Imani