Makadirio Mawili, Mama Mkwe Mmoja

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na kama ni kunicheka basi unicheke ukiwa umeshanisaidia. Mimi ni mchora ramani katika ofisi ya maji, nimeolewa, mume wangu ni mtu mwema sina neno naye, shida yangu ni mama yake, ambaye tangu niingie kwao alikuwa akiniita "yule mpaka rangi", maana kila akipita ofisini hunikuta nimekaa mbele ya kompyuta napaka buluu na nyekundu, na kwake yeye mtu aliyefanya kazi ni yule anayerudi nyumbani na matope viatuni. Sasa mwaka huu tumepangiwa mtambo wa kuchimba kisima mtaani kwetu, kisima kimoja tu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta mahali penye maji yasiyo na chumvi, nikafanya krigingi, yaani kompyuta inatazama visima vilivyokwisha kupimwa halafu inakisia chumvi ya mahali pasipo na kisima, vya karibu vikisikilizwa zaidi kuliko vya mbali, na Shangazi, ramani ilitoka nzuri mno, doa la buluu, la mviringo, laini kama yai, na katikati ya doa ni uani kwa mama mkwe.

Basi nikawa "mwanangu". Mwanangu umekula? Mwanangu hicho kiti kinakuumiza mgongo, njoo ukae changu! Ameng'oa maua yake na kuhamisha kamba ya kuanikia nguo ili mtambo upate njia, majirani wanakuja kumpongeza, na mimi, sikufichi, nimeyafurahia yote, sijawahi kuwa na raha namna hii tangu niolewe.

Juzi nikataka kumchapishia hiyo ramani aitundike sebuleni, nikaviweka visima juu ya picha iliyopigwa kutoka angani ili ipendeze, ndipo nikaona kisima cha shule kimekaa katikati ya uwanja wa mpira na cha zahanati kiko juu ya paa la mtu. Visima vipya vyote viko mahali pake, vya zamani vyote vimesogea upande mmoja, umbali uleule, kama mita mia tatu, kumbe wapimaji wa zamani walikuwa na msingi wao wa kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, na mimi nikavichanganya na vya GPS kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Na hapa ndipo penye aibu, Shangazi, maana nilimwuliza mwenzangu, kijana tunayemwita Desimali, "Makadirio umeyaangalia?" akanijibu, "Nimeyaangalia, yako sawa kabisa," mimi nikimaanisha huko kuilaza dunia kwenye karatasi, ambako ofisini tunakuita makadirio, na yeye akimaanisha ile chumvi iliyokisiwa, ambayo nayo tunaiita makadirio! Nimerekebisha, nimerudia krigingi, na doa limevuka barabara na kuingia uani kwa jirani ambaye mama hasemi naye tangu ule ugomvi wa jogoo. Desimali ananiambia, "Dada, achana nayo. Hayo ni makadirio, na makadirio hukosea. Nani atatuuliza?" Mtambo unafika mwanzoni mwa mwezi ujao, nikisema nampoteza mama, nikinyamaza mtaa mzima utakunywa chumvi, na usingizi sina. Nifanye nini?

Mkaza Mwana

SHANGAZI ANAJIBU

Mkaza Mwana, nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Yule jogoo si jogoo, nimembadilisha ili msitambulike, lakini usijidanganye: kisima kimoja, barabara moja, mkwe na mkaza mwana wake, na ofisi moja ya maji, mtaa wenu utajijua tu. Kwa hiyo huna siku za kushika tama.

Pole kwanza. Kuitwa mwanangu baada ya kuitwa mpaka rangi si jambo dogo, na usione haya kwamba limekupendeza. Sasa niache nikugombeze. Ninyi watu wazima wawili mnakaa chumba kimoja, mna neno moja kwa mambo mawili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Makadirio yapi?" Kuuliza si ujinga, bibi wee! Kuanzia kesho chumvi iliyokisiwa ibaki na jina lake la makadirio, na hilo jingine mlipe jina jipya, hata mkiliita mkeka sawa, maana ndilo linalotandikwa kabla ya watu kukaa. Na Desimali mwambie maneno yangu haya: aliyekisia kwa haki akakosa amekadiria. Anayejua kosa lilipo akaliacha, huyo hakadirii kitu.

Mimi ramani ninayoijua ni ya kwenda sokoni na kurudi, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu, ambaye ni mpima ardhi. Alicheka kuliko mimi, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kulizamisha soko zima ziwani kwa kusahau alama ya kutoa. Anasema uzuri wa doa usikupumbaze, krigingi hulainisha kila inachopewa, na ukiipa visima vilivyohama itakuchorea uongo laini vilevile. Viweke visima vyote juu ya picha ya angani kabla hujagusa rangi. Kisha toka na GPS mkononi, uende kwa miguu kwenye visima viwili vitatu vya zamani, usimame penyewe, usome namba. Matope yakiingia viatuni, bora zaidi. Namba zikilingana na ulizorekebisha, toa ramani mpya pamoja na ile nyingine ya mashaka, inayoonyesha wapi kompyuta ina uhakika na wapi inabahatisha, uzipeleke zote kwa mkubwa wako. Nenda na Desimali, na mseme "tumekosea". Usithubutu kusema "amekosea".

Tuje kwa mama. Unasema anakupenda kwa sababu ya doa. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikamwona mama aliyetambua kwamba mkaza mwana wake anaumwa mgongo, na doa la buluu halimwambii mtu hilo. Pengine ramani ilimpa kisingizio tu, naye alikuwa akikitafuta siku nyingi. Pengine nimekosea, na atanuna, tena sana, kwa ajili ya huyo jirani. Mwache anune. Kununa hupita, chumvi ikishakuwa kisimani haipiti.

Usimtume mume wako. Usiende na ramani, rangi zimeshasema vya kutosha. Nenda mwenyewe, leo, kabla mtu hajamsomea gazeti hili, umkute huko uani, umwambie hivi: "Mama, nimekosea. Maji yako ng'ambo ya barabara. Mimi niko hapa."

Kisha nyamaza, umwache aseme yeye.