Pengo la Vidole Viwili

Kwako Kaka,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, si kwa kuwa hasira zimeniisha. Natumaini wifi ni mzima na mgongo wako umepoa. Sisi huku wazima. Mpwa wako ametoa meno mawili ya juu kwa mpigo, na mimi nimeshasahau usingizi unafananaje. Barua hii naiandika vipande vipande, mkono mmoja kalamu, mwingine mtoto. Mwandiko ukiyumba, univumilie. Maneno hayatayumba.

Kaunta ya jikoni uliyonipa inang'aa, sikatai. Majirani wanakuja kuipapasa graniti kama shavu la mtoto, na sinki limekaa barabara. Lakini ule upande mfupi unaoelekea dirishani bado umeachana na ukuta. Kwenye kona hapapiti hata wembe. Ukifika mwisho, panaingia vidole viwili vya mtu mzima. Mwanangu ametia vyake vitatu, vikanasa. Umeniandikia kwamba unamleta fundi mpya aje kuziba. Asije. Nikimwona mlangoni namfungia nje na ndoo yake.

Sasa nisikilize, maana siku ile hukumsikiliza mtu. Ulimfokea Milimita ndani ya jiko langu, mbele ya wabebaji wanne waliokuwa bado wanahema kwa uzito wa jiwe. Mtu amekukatia mawe miaka kumi na moja, karakana nzima inamwita Milimita kwa sababu hakubali hata unywele uzidi, na wewe ukamwambia kuanzia leo jina lake ni Futi. Ukasema macho yake yameoza. Ukamwamuru aache funguo za karakana palepale juu ya kaunta. Wabebaji wakacheka, kwa woga tu. Yeye akaziweka funguo taratibu zisije zikakwaruza jiwe, akabeba kigezo chake cha plaiwudi, akatoka.

Kaka, kile kigezo nilikivunja mimi.

Unajua mwenyewe anavyopima. Anapanga vipande vyembamba vya plaiwudi juu ya makabati, anavigandisha kwa gundi mpaka vitoe umbo la kaunta nzima, kisha jiwe linakatwa kwa kufuata umbo hilo. Aliniomba nisikiguse mpaka kesho yake, gundi ikauke. Mtoto alikuwa analia siku ya pili mfululizo, nikatafuta mahali pa kuweka beseni la kumwogeshea, nikakiinua peke yangu. Kona ikaachia. Nikaigandisha kwa uji wa unga wa ngano, nikakadiria kwa macho, nikakirudisha. Asubuhi akaniuliza kama kuna aliyekigusa. Nikasema hakuna. Akaniamini. Kosa lake ni hilo tu.

Ulipokuwa unafoka nilisimama mlangoni, mtoto mgongoni, nikamwacha abebe kosa langu. Tangu utotoni unaniita Vunja. Kikombe kikipasuka nyumba ya tatu, ni mimi. Sijitetei. Nakwambia tu makelele yako yanazaa nini.

Jana nilikwenda kwake kuungama. Hakushangaa. Aliniambia aliuona ule unga kwenye kona ya kigezo siku ileile, katikati ya matusi yako, akaukwangua kwa ukucha usije ukauona na wewe. Alisema angeonyesha, yale makelele ungenigeuzia mimi, na mtu mwenye mtoto mgongoni hafokewi namna ile. Yaani mtu baki amenikinga na kaka yangu wa tumbo moja! Nimerudi nyumbani nikiona aibu mara mbili, yangu na yako.

Ya kwangu naibeba. Wale wabebaji nitawatafuta mmoja mmoja niwaambie nani alivunja. Ya kwako ubebe mwenyewe: nenda kwake, mpe funguo, umwite jina lake. Kabla ya hapo usikanyage kwangu, hata kama umekuja kumwona mpwa wako. Pengo nimelisokomezea kitambaa kwa ajili ya vidole vya mtoto. Siku mtakayokuja wawili nitakitoa, mlizibe pamoja.

Msalimie wifi. Mpwa wako hakusalimu, maana hatimaye amelala. Usinipigie simu kunijibu, utamwamsha. Nijibu kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Vunja
(safari hii jina ni halali yangu)